Muwa Umezidi

Hankou, Wuhan
3 Mei 1995

Kwa Baba,

Nimefika salama. Nakaa kwa Lanying, yule niliyesoma naye, chumba kimoja juu ya fundi baiskeli. Mwambie Mama soksi ninavaa, ingawa joto la huku ni la kumvua mtu ngozi.

Baba, nimeshtuka. Kiwanda kilipotuachisha kazi, ukaniambia nije Wuhan miezi miwili nile mitaani, nirudi na chakula kimoja tu cha kuuza Shashi, nilidhani umenipa likizo. Kumbe umenipeleka vitani. Tambi zao hazina mchuzi! Zinachovywa kwenye maji ya moto, zinamwagiwa ufuta uliosagwa, unapewa vijiti, basi. Nilisubiri. Nikamwambia mama muuzaji, "Umesahau supu." Akanitazama kuanzia viatuni. "Binti, umetoka wapi wewe? Supu kanywe hospitali. Sogea, watu wana kazi." Foleni nzima ikacheka.

Na hawakai! Nilimwona mzee mwenye mvi anaendesha baiskeli, bakuli amelibana kwenye usukani kwa dole gumba, anakula na anamtukana dereva wa lori kwa wakati mmoja, na hakudondosha hata uzi mmoja wa tambi. Mimi nilisimama tuli ukutani, na bado ufuta uliniingia puani.

Nimekula pia chapati ya choroko iliyofunikwa yai, ndani yake wali wa kunata na vipande vya nyama. Nimekula kitumbua chenye kishimo katikati, kingo laini, katikati kavu kama kigae. Leo asubuhi peke yake nimekula mara tano. Tumbo linaniuliza maswali.

Laiti ungekuja nami. Najua utasema ghala haliachwi. Lakini tangu nipate akili hujalala nje ya Shashi hata siku moja, Baba, hata Mwaka Mpya unakwenda ghalani asubuhi na jioni. Hayo magunia ya pamba yatakimbilia wapi?

Binti yako,
Suyun

*

Shashi
9 Mei

Suyun,

Barua imefika. Umecheka sana, umechunguza kidogo.

Usihesabu ulichokula. Tazama mikono ya mpishi. Tazama anabadilisha maji mara ngapi. Tazama foleni inakatika saa ngapi, na wanaorudi kesho yake ni wale wale au wapya. Chakula ambacho mtu hawezi kukila kila siku hakifai kumlisha mpishi wake.

Sharti langu ni moja. Leta chochote, isipokuwa vitu vya kuchemshwa kwenye mchuzi wa kale, ule wa chungu kisichomwagwa. Masikio ya nguruwe, miguu ya kuku, tofu, sitaki. Nyumba yetu ya Kuang iliacha kazi hiyo. Ulikuwa na miaka kumi na miwili, lakini unakumbuka. Baba yako mdogo Demao aliuharibu mchuzi wa Bibi yako kwa uzembe, akaumwaga mtaroni. Miaka hamsini na mmoja ya kuchemsha kila siku, hata miaka ya njaa, iliishia kwa panya. Bibi yako hakuumaliza mwaka ule. Kwa hiyo usiniletee harufu hiyo mlangoni.

Mama yako yuko uani anafua koti langu la ghalani na kulalamika, kama kawaida yake.

Baba

*

Hankou
17 Mei

Kwa Baba,

Sijui nianzie wapi. 

Jana asubuhi niliingia uchochoro mmoja nyuma ya gati la kivuko. Kuna kibanda cha tambi, ubavuni kina chungu. Nilikumbuka sharti lako, nikaagiza tambi tupu. Mwenye kibanda alinipa bakuli, nikachanganya, nikatia mdomoni. Chini ya tambi kulikuwa na vipande vya sikio la nguruwe ambavyo sikuviagiza. Nilikuwa nimeshauma.

Baba, ulikuwa mchuzi wa Bibi.

Usiseme nimekosea. Karafuu na mdalasini kila mtu anatia. Lakini ganda la chungwa lililokaushwa juu ya vigae, na ule muwa uliochomwa motoni kabla ya kutiwa chini ya chungu, unaoacha utamu wenye moshi nyuma ya ulimi, nani mwingine anafanya hivyo? Nilikuwa natumwa kuuchoma muwa ule. Nilisimama uchochoroni nikalia machozi na kamasi. Bibi mmoja akanipa maji, akamgombeza mwenye kibanda: "Punguza pilipili, utaua watoto wa watu!"

Nilimtazama usoni. Ana mvi, amekonda. Kidole cha shahada cha mkono wa kushoto hakina ncha. Unajua ni nani.

Sikumsalimu. Nilikimbia. Leo nimerudi nikajificha nyuma ya mkokoteni wa matikiti, nikamtazama asubuhi nzima akikatakata tofu na kutaniana na wateja. Nina hasira naye hadi meno yanauma, na nina hamu ya lile bakuli hadi nina aibu. Nieleze, Baba. Kitu kilichomwagwa mtaroni Shashi kimefikaje kwenye chungu cha Wuhan?

Suyun

*

Shashi
22 Mei

Suyun,

Rudi nyumbani.

Ulimi wa mtoto wa miaka kumi na miwili hauna kumbukumbu. Ulikuwa na njaa, umepigwa na jua, umemkumbuka Bibi yako. Muwa unapatikana kila soko. Hata kama ni yeye, usimwambie wewe ni nani, wala usimwulize lolote. Mtu aliyemliza mama yake mbele ya majirani hana jibu la kukupa. Nilimpiga kwa upawa siku ile, mtaa mzima ukitazama, na sijajuta.

Panda basi la Jumamosi.

Baba

Anauchemsha mara ngapi kwa siku?

*

Hankou
31 Mei

Kwa Baba,

Sikupanda basi. Unisamehe, au usinisamehe, lakini soma.

Nilikwenda kumwambia maneno yote niliyokuwa nimeyapanga. Nikasimama mbele yake nikafungua mdomo. Akasema bila kuinua macho, "Yun, umechelewa. Nimekuwekea sikio tangu saa moja." Alinijua tangu siku ya kwanza! Anasema natembea kama Bibi, kama mtu anayekwenda kugombana na muuza samaki. Lile sikio chini ya tambi alilitia makusudi.

Nikamuuliza mambo ya mtaroni. Akacheka. "Kamuulize baba yako." Nikamwambia baba yangu ameshaniambia. Akaacha kucheka, akafuta kisu muda mrefu. "Kama ameshakwambia, basi ndivyo ilivyokuwa," akasema. Nikamkasirikia zaidi. Mtu akikosa, si aombe radhi?

Na bado nakwenda kila siku. Siku tatu za kwanza alinikataza hata kukisogelea chungu. Ya nne akanipa kijiko cha matundu nitoe povu. Umeuliza, kwa hiyo nakujibu: anauchemsha mara mbili, asubuhi na jioni, kisha haugusi. Ukiwa wa moto haufuniki kwa kifuniko, anaweka ungo juu upumue. Kijiko chenye tone la maji mabichi hakiingii. Nilikosea mara moja akanifokea mbele ya wateja hadi nikatamani ardhi inimeze, halafu akanipa mguu wa kuku ninyamaze.

Nimeshajua chakula ninachotaka kurudi nacho, Baba. Ndicho ulichonikataza.

Suyun

*

Hankou
4 Juni

Kaka Mkubwa Deshou,

Barua zangu kumi na nne za Mwaka Mpya ulizirudisha bila kufungua. Hii anwani yake imeandikwa na bintiyo, kwa hiyo umeshaifungua. Pole sana.

Usiogope. Yun hajui kitu. Anadhani mimi ni mwovu anayepika vizuri, na mimi sina neno, maana nusu yake ni kweli. Ana mkono mzuri. Ana mdomo mbaya pia, lakini huo ni wa ukoo.

Nina jambo. Figo yangu ya kulia imeharibika, tarehe 18 wananilaza wanipasue. Daktari anasema nitatoka baada ya wiki tatu. Sura yake inasema vingine. Mke sina, mtoto sina. Chungu hiki kwa joto la Wuhan kikikosa mtu siku moja kinakufa. Nataka awe nacho Yun, na akija Shashi aje nacho.

Chungu cha nyumba hakitoki mkononi bila neno la mkubwa. Mara ya kwanza sikuomba. Nilichota mtungi mmoja mwezi wa tatu Mama akiwa sokoni, nikaja nao huku kimya kimya, kama kibaka. Mwizi ni mimi, silikatai. Ndiyo maana lile la kwako nililibeba bila kunung'unika sana. Safari hii naomba kama inavyopaswa. Andika neno moja tu: achukue.

Na kitu kingine. Sijawahi kukuuliza, miaka kumi na minne. Ule mtungi niliokuletea gatini, ulioupokea kwa mkono mmoja ukanifukuza kwa mwingine, uliufanya nini? Mama alionja?

Mdogo wako,
Demao

*

Hankou
20 Juni

Kwa Baba,

Hukumjibu Baba Mdogo. Kila alipopita tarishi aliuliza, kisha akafanya mzaha. Tarehe 18 wamemlaza. Alikwenda na mswaki na bakuli lake, akaniachia chungu na neno moja: usifunike.

Baba, nimefunika.

Jana asubuhi niliuchemsha vizuri. Joto lilikuwa nyuzi thelathini na nane, nzi wamejaa kwa sababu ya yule muuza matikiti. Wakaniita hospitali, wanahitaji ndugu wa kutia saini kabla ya kumpasua. Niliogopa nzi. Nikaona ungo hautoshi, nikachukua kifuniko, nikakikandamiza, nikaweka na jiwe juu. Nilijiona nimefanya la maana! Nikashinda hospitali hadi jioni, nikarudi nimechoka, sikuchemsha tena, nikasema kesho. Leo asubuhi nimeinua kifuniko. Povu la kijivu limefika ukingoni. Harufu ni ya maziwa yaliyoganda na kitambaa kibichi. Nimeuchemsha mara tatu nikilia. Haurudi.

Nimeuua. Miaka yote ile, kutoka kwa Bibi mpaka kwangu, nimeuua kwa siku moja kwa kuogopa nzi.

Wamempasua, amezinduka. Anauliza kitu kimoja tu: "Chungu hakijambo?" Nimemjibu hakijambo. Nimemwambia mtu aliyelala na mirija puani kwamba hakijambo. Siwezi kumwambia. Nimeshaongea na Lanying: Jumamosi, siku ya kuwaona wagonjwa, nitamwambia lori lilirudi nyuma uchochoroni likakigonga kibanda. Lanying atakuwa shahidi. Lori halina jina, halimuumizi mtu. Nitaumwaga Ijumaa.

Najua utanidharau. Usiniandikie.

Suyun

*

SIMU YA MAANDISHI
SHASHI, 22 JUNI

USISEME LORI. USIENDE HOSPITALI MPAKA USOME BARUA. BABA

*

Shashi
22 Juni

Suyun,

Naandika ghalani. Nimechana karatasi nne. Hii sitaichana.

Mchuzi wa Bibi yako niliuharibu mimi.

Ilikuwa Sikukuu ya Mashua za Joka. Mama alikuwa kwa dada yake, chungu akaniachia. Alisema usifunike. Nilitaka kwenda mtoni kutazama mashindano, na nzi walikuwa wengi. Nikafunika. Nikaweka na jiwe. Jiwe, Suyun! Nilipofika kwenye jiwe katika barua yako ilibidi nikae chini. Nilishinda mtoni, nikanywa na wenzangu, nikalala. Kesho yake ulikuwa umechacha.

Demao alikuwa amekuja kutoka Wuhan kwa sikukuu. Alinikuta nimekaa sakafuni nalia, mtu mzima mwenye mke na mtoto. Akasema, "Kaka, wewe ni mkubwa, wewe hatakusamehe. Mimi amezoea kunisamehe." Akaubeba akaumwaga mtaroni mchana kweupe, akamwambia Mama ni yeye. Nilidhani Mama atalia kidogo. Alipiga kelele mtaa mzima ukatoka. Watu wakanitazama mimi mkubwa nitafanya nini. Nikachukua upawa nikampiga. Nilimpiga ndugu yangu kwa kosa langu, na hakuinua hata mkono kujikinga.

Halafu baya kuliko hilo. Wiki mbili baadaye alirudi kwa meli na mtungi. Alikuwa ameiba mchuzi ule mwezi wa tatu, ukawa hai kwake, akaniletea nusu ili Mama apone. Nilimkuta gatini. Angeingia na mtungi ule nyumbani, maswali yangeanza. Niliuchukua, nikamwambia akanyage Shashi tena nimvunje miguu. Nilisema nitampa Mama mwenyewe, kesho. Kila siku nilisema kesho. Mama akalala kitandani, akaacha kula, na mimi nikasema kesho. Alikufa mwezi wa kumi na mbili akiamini kwamba mchuzi wake umekwisha duniani, nao ulikuwa hatua mia tatu kutoka kitandani pake, nyuma ya magunia ya pamba.

Uliniuliza magunia yatakimbilia wapi. Suyun, hayaendi popote. Nachemsha. Asubuhi na jioni, miaka kumi na minne. Sijawahi kutia kitu ndani nikakila. Natia muwa, natia chumvi, natia mfupa, nautazama, narudi nyumbani. Mama yako wakati fulani alidhani nina mwanamke huku. Nilimwacha adhani hivyo. Ilikuwa rahisi zaidi.

Barua ya Demao ninayo tangu tarehe saba. Sikujibu kwa sababu ya swali la mwisho.

Sasa sikiliza. Ukisema lori, utalisema maisha yako yote. Kila atakayekutajia lori utageuza uso. Utawafukuza watu wasio na kosa ili tu wasikutazame. Mwambie kweli. Au ningoje, tumwambie wote wawili, kila mtu lake.

Jumapili nafika kwa basi na chupa mbili za chai zimejaa. Ninazochota ni hizo tu, mwingine utakaobaki ghalani utajifia, sina wa kumwachia. Mama yako nimemwambia naitwa mkutano wa mabohari. Kisugue chungu cha Demao kwa majivu, ukisuuze kwa maji yaliyochemka, ukikaushe juani.

Baba

*

Hankou
28 Juni

Kwa Mama,

Kaa chini kwanza. Hakuna mkutano wa mabohari. Baba yuko huku, na barua aliyoniandikia naiweka humu ndani uisome mwenyewe, amekubali. Aliitikia kwa kichwa.

Alishuka kwenye basi amejifunga shuka kifuani, chupa mbili ndani, abiria wamemzunguka wanamdai awaonjeshe. Kumbe njia nzima amewasumbua kwa harufu. Amekuwa mdogo, Mama. Nilikuwa nimekasirika, nimepania nimpigie kelele kwa ajili ya Bibi, kwa ajili ya Baba Mdogo, na kwa ajili yangu niliyemchukia mtu asiye na kosa tangu nikiwa mtoto. Nilimpigia kelele kweli, pale pale stendi. Akasimama akasikiliza yote. Kisha akasema, "Umesugua chungu?"

Tuliumimina, tukauchemsha, tukatia sikio moja. Jumatatu tukalipeleka hospitali kwenye bakuli. Nilianza mimi, nilisema nimefunika, nimeweka jiwe. Baba Mdogo akatazama dari. Baba akasema, "Na mimi." Maneno mawili tu, Mama, nilidhani ataeleza. Halafu akajibu lile swali la barua: "Mama hakuonja."

Baba Mdogo aligeukia ukuta. Mabega yalitikisika, na nesi mmoja akaja juu kwamba tutafungua mshono. Bakuli likapoa. Mwisho akasema aletewe vijiti. Akala kipande kimoja, akatafuna taratibu, akamwangalia Baba.

"Muwa umezidi," akasema. "Miaka kumi na minne peke yako na chungu, na bado mkono wako mzito."

Baba alipiga magoti pale sakafuni, mbele ya wagonjwa sita. Baba Mdogo akamwambia ainuke, anamzibia feni.

Atapona, daktari anasema. Baba Mdogo anataka tuhamie wote Shashi, achague kona ya kibanda, mimi nikatekate, yeye akae kwenye kiti agombeze. Baba anaitikia kila kitu. Lakini hali chakula. Anasema, Demao amenisamehe, mama yangu nitamwomba wapi?

Mama, nakimbilia lililo muhimu. Nyuma ya magunia, upande wa dirisha lililozibwa, kuna chungu. Baba amekata tamaa nacho, mimi sijakata. Huenda kimekufa, siku zimepita. Lakini ukipata barua hii nenda. Kikinuka vibaya kiache. Kama hakinuki, kichemshe, na kisifunikwe.

Usizimie. Na usimchukie.

Suyun

*

Shashi
2 Julai

Suyun,

Mimi si mwandishi, usinicheke.

Chungu hakijambo. Nakichemsha tangu asubuhi ile aliyopanda basi. Mkutano gani wa mabohari mtu anakwenda na chupa mbili za chai kifuani?

Koti lake nalifua mimi. Mwaka ule ule wa kwanza, mwezi wa kumi, nilisikia harufu ya karafuu na muwa wa kuchomwa kwenye mikono ya koti. Mwanamke gani ananukia hivyo? Nilimpelekea chakula cha mchana ghalani akiwa ametoka kupokea mzigo, nikafuata pua. Nilikiona, nikakaa juu ya gunia nikalia, kisha nikarudi nyumbani nikamngoja aseme. Siku zikapita.

Bibi yako alipobakiza siku chache sikuweza tena. Nilikwenda nikachota kikombe, nikamnywesha kwa kijiko. Alikuwa hafungui macho. Alifungua. Akalamba mdomo, akasema, "Muwa umezidi. Huu ni mkono wa Deshou."

Nikamweleza nilichojua, ambacho kilikuwa kidogo. Kilichobaki alikipanga mwenyewe, akili yake ilikuwa nzima. Akasema, "Kumbe mmoja aliiba na mmoja aliua, na mimi nililia kwa ajili ya chungu." Alicheka, Suyun. Akamaliza kikombe chote. Kisha akanishika mkono, akaniambia nisimwambie Deshou kwamba anajua, aje mwenyewe aseme, kwani mlango uko wazi. Siku nne alilala akiutazama mlango. Kila baba yako akiingia alikuwa anauliza, "Una neno?" Naye anasema, "Sina, Mama. Pumzika."

Aliniapisha nisiseme mpaka baba yako atakaposema mwenyewe. Sikujua itachukua miaka kumi na minne. Zipo siku nilitaka kumtingisha mpaka meno yamtoke. Sasa amesema, kiapo kimekwisha, na mimi nimechoka.

Msomee barua hii. Alishasamehewa kabla hajaomba, ndivyo ilivyo, na najua itamuuma kuliko kuchukiwa. Usimpe aisome mwenyewe, na hakikisha amekaa, Demao akiwa karibu. Mkimaliza, mle wote watatu.

Soksi zake nilizitia mfuko wa kushoto wa koti. Najua hajaziona.

Mama